SOMO LA MICHEZO: Msichana akishindana pamoja na wavulana, rekodi yake ihesabiwe?



Juu ya michezo kuna ulizo moja lenye kuleta mabishano. Msichana anaogelea katika shindano moja na wavulana, anapata muda mzuri kuliko wasichana wote waliomtangulia. Je, muda huo uandikwe kuwa rekodi ya wasichana? Wengine wanasema: "Ameogelea kwa mikono yake mwenyewe, uandikwe!" Wengine wanajibu: "Hapana, wavulana walimvuta." Tuchunguze polepole.

1. Rekodi ni nini?

Rekodi ni kulinganisha. Mtu wa leo analinganishwa na mtu wa jana ambaye hayupo. Kwa hiyo hali zao zinapaswa kuwa sawa. Sisi wa Wagenia tunajua kwamba maji hayafanani. Pale wavuvi wanaposimamisha miti yao mikubwa na kufunga mitego, mwenye kushuka na mkondo na mwenye kuupanda hawawezi kupimwa kwa saa moja. Ndiyo maana rekodi za dunia za kuogelea zinaandikwa katika pisini tu, ya metre 50 au ya metre 25, maji yakiwa yametulia.

2. Mwenzako anakusaidiaje?

Katika maji ya wazi, anayefuata karibu na miguu ya mwenzake anapata maji yaliyokwisha kupasuliwa. Ni kama mtumbwi mdogo nyuma ya mtumbwi mkubwa. Katika pisini ni tofauti: kila mtu ana njia yake, na kamba zinavunja mawimbi. Msaada unaobaki ni wa macho: unamwona aliye mbele, unajikaza. Tena sheria ya kuogelea inakataza kabisa kumwekea mtu kiongozi wa mwendo.

3. Wakubwa waliamua nini?

Tarehe 23 Julai 2017, kule Budapest, Sarah Sjöström wa Uswidi aliogelea metre 100 kwa sekunde 51.71. Hayo yalikuwa mashindano ya kupokezana ya wanawake, na yeye alikuwa wa kwanza katika ekipi yake. Ilihesabiwa rekodi ya dunia, sababu wa kwanza anaondoka kwa ishara, sawasawa na mtu anayeogelea peke yake. Lakini sheria ya FINA (leo inaitwa World Aquatics) iliongeza neno: isipokuwa mashindano ya kupokezana ya mchanganyiko, yaani wanaume wawili na wanawake wawili. Kumbe mtu yule yule, muda ule ule, angeanza katika ekipi ya mchanganyiko, asingepata rekodi!

Katika mbio za barabarani ugomvi ulikuwa mkali zaidi, kwa maana kule viongozi wa mwendo wanaruhusiwa. Mwaka 2003 Paula Radcliffe wa Uingereza alikimbia maratoni ya London kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25, wanaume wakikimbia pamoja naye. Mwaka 2011 wakubwa wa riadha waliamua kwamba rekodi ya wanawake itatoka katika mbio za wanawake peke yao. Watu wengi walilalamika: mnamnyang'anyaje mtu kitu alichopewa kwa sheria ya siku ile? Mwezi wa Novemba mwaka ule ule wakamrudishia. Tangu hapo kuna orodha mbili. Mary Keitany wa Kenya aliweka rekodi ya mbio za wanawake peke yao London mwaka 2017, saa 2:17:01. Brigid Kosgei, wa Kenya vilevile, aliweka ile ya mchanganyiko Chicago mwaka 2019, saa 2:14:04. Hakuna aliyemfuta mwenzake.

4. Tuseme nini sisi?

Kwanza, anayebadilisha sheria asirudi nyuma kumwadhibu mtu wa jana. Pili, msaada upimwe kweli, usidhaniwe tu. Aliye nyuma ya mvulana mtoni amesaidiwa. Aliye katika njia yake ya pisini, bila kiongozi, amesaidiwa kidogo sana. Huyo muda wake uhesabiwe, na pembeni paandikwe "mchanganyiko". Tatu, tukumbuke kwamba mahali pengine wasichana ni wachache. Tukisema muda wao ni bure kwa sababu waliogelea na wavulana, basi hawatapata rekodi hata siku moja, na kosa si lao.

Kuandika ukweli wote kunashinda kufuta.

MAULIZO

1. Kwa nini rekodi haiwekwi mtoni?
2. Sjöström alipata rekodi kwa sababu gani?
3. Orodha mbili zinaleta haki, ao zinapunguza heshima ya wanawake? Toa sababu mbili.

Angalisho: somo hili si ruhusa ya kwenda kujipima kwenye maporomoko. Mkondo wa pale haubishani na mtu.