Mefibosheti Alikuwa na Shamba Tayari

Andiko: 2 Samweli 9:1-13

Kabla hujaendelea, fungua Biblia usome sura yote. Ni mistari 13 tu, haimalizi hata dakika tano.

Mefibosheti, mwana wa Yonathani, alilemaa miguu akiwa na miaka mitano, siku yaya wake alipokimbia naye akaanguka. Sasa ni mtu mzima, anakaa Lo-debari katika nyumba ya mtu mwingine, hakuna anayemuulizia. Daudi anamtafuta. Anamrudishia mashamba yote ya babu yake Sauli, na Siba anaamriwa kuyalima pamoja na wanawe 15 na watumishi 20. Hebu angalia hapo. Chakula tayari kipo. Mashamba yapo, wa kulima wapo. Mbona basi Daudi anazidi kurudia kwamba huyu atakula mezani kwake siku zote? Si angetumiwa magunia yake huko huko Lo-debari, mambo yakaisha?

Nimeisoma sura hiyo tangu nikiwa mtoto, na sikuwahi kuuliza swali hilo. Nililiuliza baada ya kuaibika kwenye kamati.

Mimi ni mweka hazina wa mfuko wa wahitaji hapa kanisani kwetu Nakuru. Kazi ya mfuko mnaijua: unga, karo, bili ya hospitali. Mwaka juzi akina mama wenye watoto wanaoishi na ulemavu walileta ombi. Walitaka familia zao, kama saba hivi, zipelekwe siku moja mbuga ya Ziwa Nakuru. Aliyesimama kupinga ni mimi. Nilisema sadaka ya watu si ya kutalii, na kwamba mtu asiye na unga hana haja ya kuona twiga. Nilizungumza vizuri, hata wengine wakasema amina.

Mama mmoja wa makamo akaniuliza kwa upole, "Shemasi, mamako ameishi hapa Nakuru miaka mingapi?"

Nikamjibu, arobaini na kitu.

"Na hapo mbugani ameingia mara ngapi?"

Nilinyamaza. Dada yangu ana mtindio wa ubongo. Hatembei, maneno yake ni machache, na analishwa kwa kijiko. Ana miaka 36. Sisi wengine tulienda mbugani na shule, tulienda harusi, tulienda ushago kila Desemba. Mama alibaki naye. Sababu haikukosekana: matatu haingoji, makanga anataka kiti cha magurudumu kilipiwe kama abiria, choo cha huko hakipitishi kiti. Tukazoea. Na ukweli, jameni, hakuna siku tulimuuliza Mama kama angependa kwenda mahali.

Kamati ilipitisha ombi. Lakini safari ya kwanza tuliiharibu, na ninaandika hili kwa sababu mimi ndiye niliyeshika kalamu ya bajeti. Nilikodi matatu ya kawaida kwa kuwa ilikuwa ya bei ya chini. Viti vikafungwa juu kwenye keria. Kila mmoja akabebwa mikononi kuingia na kutoka, na wengine wao si watoto tena, ni vijana wa kilo hamsini na zaidi. Pesa ya wasaidizi sikuweka. Niliona akina mama watasaidiana. Tena niliagiza kila mama aje na yule mmoja tu mwenye ulemavu, ili tubane matumizi. Kaka na dada zao wakaachwa kwa majirani. Baba hakualikwa hata mmoja. Basi akina mama wakafanya kule mbugani kazi ile ile ya nyumbani, kunyanyua, kulisha, kubadilisha nepi, ila sasa juani na bila maji ya bomba. Tulipiga picha nyingi sana. Mama alirudi mgongo ukimuuma, akanishukuru, kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

Mara ya pili tuliwaachia akina mama waandike bajeti wenyewe. Gharama kwa kila familia ilikaribia kuwa mara mbili, na nitasema pesa ilikoenda ili anayetoa ajue. Gari lenye mlango mpana, na ubao wa kupandishia viti, ambao fundi mmoja wetu alitutengenezea bure. Wasaidizi wanne wa kulipwa, wanaojua kumnyanyua mtu bila kumuumiza. Hema dogo lenye godoro la kubadilishia nepi za watu wazima, na mitungi ya maji. Chakula cha kupondwa kwa wasioweza kutafuna. Na nafasi za baba, kaka na dada. Muuza nyama mmoja alitoa kuku, vikundi vya maombi vikachanga kilichobaki.

Siku hiyo heroe, wale flamingo wa kwenye picha, walikuwa wachache. Ziwa limejaa miaka hii mpaka likameza lango la zamani, na ndege wengi wamehamia kwingine, Bogoria hasa. Hakuna aliyelalamika. Tuliona vifaru, na nyani mmoja aliyetaka kutuibia ndizi akamchekesha dada yangu mpaka akapaliwa.

Mchana msaidizi alichukua kijiko, akamwambia Mama, "Kaa, mimi nitamlisha." Mama alikaa kando ya dada yangu, akashika paja la kuku kwa mikono miwili, akala mpaka likaisha, likiwa bado moto. Sikumbuki kumwona akila hivyo tangu nizaliwe.

Hapo ndipo nilipomwelewa Daudi. Shamba lilimaliza njaa. Meza ilimaliza kule kufichwa Lo-debari. Na wale watu wa Siba ndio wasaidizi wetu wanne. Kama Mefibosheti angelazimika kuhangaika na jembe mwenyewe, angefika mezani saa ngapi? Halafu mstari wa 12 unamtaja mwanawe mdogo, Mika. Mimi ningemwacha kwa jirani.

Kuna watakaosema hii ni kazi ya serikali. Kweli, Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kupanda magari ya umma, na tusichoke kuidai. Lakini Mama ana miaka 71.

Wengine wameniuliza kama safari moja haitoshi. Kule San Antonio, Marekani, mjenzi wa nyumba Gordon Hartman aliona watoto wakiondoka kwenye bwawa la hoteli binti yake Morgan, mwenye ulemavu, alipojaribu kucheza nao. Akajenga bustani ya michezo, Morgan's Wonderland, iliyofunguliwa mwaka 2010. Mwenye ulemavu haingii kwa pesa. Kwa hiyo kiingilio hakitoshi kuiendesha, na mpaka leo inategemea michango, mwaka baada ya mwaka. Kujenga kulikwisha zamani, kutoa hakujaisha.

Safari yetu ijayo ni likizo ya Agosti. Familia tisa zimejiandikisha, na pesa za msaidizi wa tano bado. Ukitoa, andika "meza" kwenye bahasha nami nitajua. Na kama nyumbani kwako kuna mtu ambaye hatujawahi kumwona kanisani, niambie baada ya ibada. Nitakuja kwa miguu yangu.