Kuiga Nafsi: Mpaka kati ya Tamthilia na Sanaa Nyingine za Maonyesho

1.0 Istilahi na Tatizo Lake

Mjadala kuhusu mipaka ya tamthilia katika Kiswahili umekuwa ukivurugwa na wingi wa istilahi. Twasema mchezo wa kuigiza, tamthilia, drama, sanaa za maonyesho, na mara nyingi istilahi hizi hupokezana nafasi katika aya moja ya mwandishi mmoja. "Mchezo" hubeba pia ngoma na kandanda. "Maonyesho" hubeba hata yale ya biashara ya Sabasaba. Neno "tamthilia" ndilo linalokaribia kiini zaidi, kwani lina asili moja na "mithili": kufanya kitu kiwe mfano wa kingine.

Wachambuzi walioandika baada ya uhuru walikuwa na sababu nzuri ya kupanua mipaka. Wakati wa ukoloni ilidaiwa kwamba Mwafrika hakuwa na drama mpaka alipoletewa jukwaa na pazia. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), walionyesha kuwa sanaa ya maonyesho huhitaji mambo manne: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea, na watazamaji. Manne hayo yamo katika ngoma, jando na utambaji kama yalivyomo ukumbini. Jibu hilo lilikuwa sahihi, na lingali sahihi. Kosa lilizuka pale baadhi yetu tulipoyachukua mambo hayo manne, yaliyotolewa kwa ajili ya dhana pana, tukayafanya vipimo vya tamthilia. Kwa vipimo hivyo, mahubiri ni tamthilia, na hata kesi mahakamani ni tamthilia. Istilahi inayotaja kila kitu haimsaidii mchambuzi kuona chochote. Isitoshe, kuliita jando "drama" ili lipate heshima ni kukubali kimyakimya kwamba heshima hutoka kwenye drama.

Makala haya yanashikilia kuwa kinachoipambanua tamthilia ni mapatano: mtu huchukua nafsi isiyo yake mbele ya watu wanaojua kuwa si yake, nao wakakubali kwa muda kuitazama kana kwamba ni yake.

2.0 Mwari, Mwimbaji na Wajibizanaji

Mwari haigizi kuvuka rika, anavuka. Atokapo, jamii itamdai wajibu wa mtu mzima. Mwigizaji aliyefungwa na Wajerumani jukwaani hudai chai yake nyuma ya pazia nusu saa baadaye, wala hakuna anayeshangaa. Ni kweli kwamba ndani ya unyago mwaweza kuwa na vipande vya kuigiza, kwa mfano makungwi wanapoonyesha kwa vitendo tabia za wanandoa. Vipande hivyo vina mapatano tuliyoyataja. Unyago wenyewe hauna, na hauhitaji kuwa nayo.

Taarabu inatupatia mfano mgumu zaidi. Mwimbaji husema "mimi" na kulalamikia mpenzi ambaye pengine hakuwahi kuwa naye. Je, haigizi? Tazama yanayotokea ukumbini. Mshairi ametunga, mwimbaji anaimba, lakini mama mmoja huinuka, akaenda kumtunza mwimbaji huku akimwelekezea jicho hasimu wake aliyeketi meza ya pili. Ile "mimi" imehama. Sasa ni ya mama yule, na hasimu analijua hilo. Nafsi ya wimbo iko wazi, yeyote anaweza kuivaa. Katika tamthilia mtazamaji akifanya hivyo, akajibu kwa niaba ya mhusika, mchezo unasimama.

Majibizano nayo hayatoshi kuwa kipimo, ingawa ndiyo alama ambayo wanafunzi huitaja kwanza. Ngonjera alizozieneza Mathias Mnyampala zina majibizano tangu mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo, wanaojibizana kwa kawaida ni misimamo, si watu: mmoja anajua, mwingine hajui, kisha asiyejua anafundishwa na kukubali. Akibadilishwa msemaji, hoja inabaki ile ile.

3.0 Sauti Isiyokuwapo

Tofauti kati ya tamthilia na riwaya hutokana na mapatano hayo hayo. Kila nafsi ikishapewa mwili wake, hakuna nafsi inayobaki juu yao ili kuamua nani mkweli. Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein inadhihirisha jambo hili vizuri. Tunamwona Kinjeketile akitoweka majini na kurudi akiwa na ujumbe wa Hongo. Ndani ya ujumbe huo mna ahadi kwamba, Wajerumani wakishaondoka, watu watakuwa wana wa Seyyid Said, ahadi ambayo baadaye inamtesa yeye mwenyewe. Je, alipagawa kweli? Mwandishi wa riwaya asingeweza kulikwepa swali hili bila msomaji kutambua kwamba anafichwa jambo, kwani msimulizi wake angekuwapo pale mtoni. Hussein hana msimulizi wa kumnyamazisha. Maelekezo ya jukwaani, ambayo ndiyo sauti pekee ya mtunzi, huyeyuka mara tu mchezo unapoanza. Hivyo Kinjeketile anapokataa kifungoni kuikana nguvu ya maji, watazamaji wanabaki na mtu anayelinda neno ambalo yeye mwenyewe amelitilia shaka, na hakuna wa kuwaambia walipime vipi.

Kuwapo kwa msimulizi jukwaani hakuivunji hoja hii. Bi Msimulizi wa Nguzo Mama (1982) ya Muhando naye ni nafsi iliyovaliwa. Kazi inayotia shaka kweli ni Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, alizozichapisha Hussein pamoja mwaka 1976. Zimehesabiwa miongoni mwa tamthilia zake, ilhali zinasimulia zaidi ya kujibizana, na Ngao ya Jadi inafuata mkondo wa ngano ya joka Sesota. Wapo wanaoziona kuwa ni tenzi zilizopotea njia. Binafsi sikubaliani nao. Nyumbani, mtambaji ni yeye mwenyewe: mtoto akiuliza joka lilikuwa na vichwa vingapi, anaongeza kichwa, au anamkemea mtoto, na hadithi inaendelea. Msomaji wa Ngao ya Jadi mbele ya hadhira amevaa nafsi ya mtambaji. Maneno aliyo nayo si yake, na mtoto akiuliza hana la kumjibu. Mwanafunzi anayelitilia shaka jambo hili na aisome kazi hiyo kwa sauti mbele ya watoto wa mtaani kwake, aone ni wapi watamkatiza.