Rudolph kabla ya runinga

Desemba ikikaribia, wanaokusanya vitabu vya katuni vya zamani huanza kuuliza habari za Rudolph, yule ayala mdogo wa kaskazini ambaye pua yake nyekundu humwangazia njia Baba Krismasi. Safari hii ukurasa mzima ni wake.

Rudolph alitokea lini kwa mara ya kwanza katika kitabu cha katuni?

Mwaka 1950. Wachapishaji walikuwa National, kampuni ile ile ya Superman na Batman ambayo leo tunaiita DC Comics. Wakusanyaji wengi huanzia hapo. Hata hivyo, Rudolph alikuwa ameshatimiza miaka 11 katika maandishi, na bila miaka hiyo hutaelewa kwa nini kitabu cha 1950 kiko vile kilivyo.

Basi alizaliwa wapi?

Chicago, mwaka 1939, ndani ya ofisi ya matangazo ya duka kubwa la Montgomery Ward. Kila Krismasi duka hilo lilikuwa likinunua vitabu vya watoto na kuvigawa bure kwa wateja. Mwaka huo wakubwa waliona ni nafuu watunge cha kwao, wakamkabidhi kazi Robert L. May, mwandishi wao wa matangazo.

Kipindi hicho May alikuwa na msiba mzito. Mkewe Evelyn aliugua saratani na kufariki Julai, akamwachia binti wa miaka minne, Barbara, na madeni ya hospitali. May aliendelea kuandika. Alikuwa amewahi kuwa mtoto mdogo wa umbo na mwenye haya, kwa hiyo mnyama anayechekwa na wenzake kwa sababu ya pua yake hakuwa mgeni kwake. Alifikiria kumwita Rollo, kisha Reginald, mwisho akachagua Rudolph.

Mkuu wake aliingiwa na wasiwasi: pua nyekundu ilikuwa alama ya mlevi. May alikwenda na mchoraji Denver Gillen kwenye bustani ya wanyama ya Lincoln Park, Gillen akawachora ayala walio hai, na michoro hiyo ndiyo iliyoondoa pingamizi. Mimi naamini mchoro ulimwokoa Rudolph kuliko maneno. Mwaka huo zaidi ya nakala milioni 2 ziligawiwa.

Hicho nacho si kitabu cha katuni?

Hapana. Ni shairi lenye picha pembeni. Katika katuni picha ndizo zinazosimulia, fremu baada ya fremu, na wahusika husema wenyewe. Hata kisa chenyewe kina tofauti na kile ambacho wengi wanakifahamu. Rudolph wa May hakuzaliwa kwenye zizi la Baba Krismasi. Alikuwa akiishi na wazazi wake katika kijiji cha ayala. Baba Krismasi, aliyekuwa akihangaika na ukungu usiku ule, alimkuta alipoingia kumwekea zawadi, akaona chumba kinang'aa.

Kwa nini DC walisubiri hadi 1950?

Kwanza, hakimiliki. May alikuwa mwajiriwa, hivyo Rudolph alikuwa mali ya duka. Mwanzoni mwa 1947 mkuu wa kampuni, Sewell Avery, alimpa May haki zote, jambo ambalo waajiri hawalifanyi kila siku. Kuanzia hapo May aliweza kuwaruhusu wengine wamtumie mhusika wake.

Pili, wimbo. Johnny Marks, shemeji yake May, aliutunga, na mwaka 1949 Gene Autry akaurekodi. Ulivuma Marekani nzima. Krismasi iliyofuata, kitabu cha DC kilikuwa sokoni.

Ndani kulikuwa na nini?

Hapa ndipo ninapowavulia kofia watu wa DC. Kisa cha May kinakwisha usiku mmoja: ukungu, pua, safari, heshima. Wao walihitaji vituko vipya kila mwaka, kwa kuwa mfululizo uliendelea hadi 1962, toleo moja kwa mwaka, jumla 13. Michoro mingi ya miaka ya 1950 ni ya Rube Grossman.

Itazame pua kwa karibu. Katuni za wakati ule zilichapwa kwa wino wa rangi nne kwenye karatasi duni. Rangi nyingi zilitokana na vidoa vidogo, kwa hiyo zilipauka. Nyekundu ilipatikana kwa kulaza waridi iliyokolea juu ya manjano, bila vidoa, nayo ikatoka kali. Fremu iwe na wanyama wangapi, jicho la mtoto lilimwona Rudolph kwanza.

Nina kitabu kikubwa cha Rudolph cha DC. Ni cha 1950?

Ukubwa huo unatosha kukujibu: si cha 1950. Mwaka 1972 DC walimrudisha Rudolph katika umbo pana, takriban sentimita 25 kwa 34, na Sheldon Mayer ndiye aliyetengeneza hadithi zake. Matoleo ya 1950 hadi 1962 yana ukubwa wa kawaida wa katuni za Marekani. Usikidharau lakini, Mayer alijua kuchora kwa ajili ya watoto, na ukurasa mpana ulimpa nafasi. Kihifadhi kikiwa kimelala, mbali na jua na unyevu, na pini zake zikishika kutu usizing'oe mwenyewe.