KUFUMA WANASESERE WA UZI: SOMO KWA WENYE MIKONO NA SUBIRA

Katika toleo hili la jarida la chama chetu nimepewa nafasi niwaeleze uraibu wangu, nao ni kufuma wanasesere kwa uzi na kroshia. Najua wapo watakaofungua ukurasa mwingine papo hapo. "Ati mvulana wa Kidato cha Tatu anafuma wanasesere!" Maneno hayo nimeyasikia bwenini mpaka yamechuja kama shati la mitumba. Wacha waseme. Nawaomba tu wasome mpaka chini, halafu ndio wanihukumu.

Hebu tuanze na maneno yenyewe, maanake hili ni jarida la Kiswahili wala si la ushonaji. Mwanasesere huitwa pia mwana wa bandia, au bandia tu. Naam, bandia ile ile ya noti bandia na dawa bandia. Kamusi inazo maana zote mbili, mtoto wa kuchezea na kitu kisicho halisi. Kikaragosi naye ni jamaa yao, jina lililosafiri kutoka Uturuki, ambako Karagöz ni mhusika mcheshi wa mchezo wa vivuli. Halafu kuna sufu na sufi, ambazo wengi wetu huzichanganya hata katika insha. Sufu ni manyoya ya kondoo. Sufi ni ile pamba nyepesi itokayo katika tunda la mti wa msufi, ambayo watu hujazia mito na magodoro. Na ule uzi wa rangi rangi uuzwao madukani hapa Tala, tunaouita uzi wa sweta, mara nyingi si sufu wala si sufi. Ni akriliki, uzi wa kiwandani ambao asili yake ni mafuta ya petroli. Kujua tofauti hii kuna faida, kwa sababu sufu ikitiwa maji moto hujikunyata na kushikana, lakini akriliki huvumilia kufuliwa. Adui ya akriliki ni pasi. Ukiigusisha pasi moto inayeyuka.

Tena tusiseme "kushona" kwa kila kitu. Nywele na kiondo husukwa, sweta hufumwa, nguo hushonwa. Mwanasesere wangu hupitia yote matatu: mwili nafuma, nywele nasuka, mikono na miguu naishona mahali pake.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa Susu, yaani nyanya yangu, ingawa yeye hajashika kroshia maisha yake yote. Yeye ni msusi wa viondo. Wanawake wa Ukambani wamesuka viondo tangu jadi, zamani kwa nyuzi za magome ya miti, ukiwemo mbuyu, na baadaye kwa mkonge. Mkonge si mmea wa kwetu. Uliletwa Tanganyika mwaka wa 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukitoka upande wa pili wa dunia, Mexico na Florida. Leo ukimwambia Susu kwamba mkonge ni mgeni atakuona umerukwa na akili.

Sasa tazameni kiondo kinavyoanza. Hakianzii mdomoni, kinaanzia kitakoni, na duara dogo kama sarafu. Nyuzi za kusimama hutawanyika kutoka katikati kama miali ya jua, na nyuzi mbili za kupita hujipinda kuzizunguka, raundi baada ya raundi. Duara likipanuka, nafasi kati ya miali huwa kubwa, basi Susu huongeza miali mingine. Akitaka kiondo kisimame, anaacha kuongeza. Hakuandika hesabu hiyo popote, imo vidoleni.

Kichwa cha mwanasesere ni kiondo kilichofumbwa mdomo. Wajapani, ambao wameufanya ufumaji huu upendwe duniani kote, huuita amigurumi, neno lililounganishwa kutoka maneno yao mawili, moja la kufuma na jingine la mwanasesere aliyejazwa. Unaanza na vitanzi 6 ndani ya kitanzi kimoja kinachokazika. Mzunguko wa pili unafuma mara mbili katika kila kitanzi, unapata 12. Mzunguko wa tatu unafuma mara mbili katika kila kitanzi cha pili, unapata 18. Wa nne, katika kila kitanzi cha tatu, unapata 24. Kisha 30, kisha 36. Kila mzunguko unaongeza 6, si 5 wala si 8.

Kwa nini 6? Nilimwuliza mwalimu wa hisabati, naye badala ya kunijibu akanipa chaki. Mzingo wa duara ni mara mbili pai mara nusu kipenyo. Kila ukiongeza mzunguko mmoja, nusu kipenyo hukua kwa kimo cha kitanzi kimoja, kwa hiyo mzingo hukua kwa mara mbili pai ya kimo hicho, yaani 6.28. Kitanzi kifupi cha kroshia kina kimo na upana vinavyokaribiana, basi vitanzi 6 vinatosha kuziba nafasi. Ukiongeza pungufu ya hapo, duara linajikunja kuwa bakuli. Ukizidisha, linakunjamana pembeni kama ukingo wa kitambaa cha lesi. Ndugu yangu unayelalamika kwamba pai haina kazi nje ya darasa, kamata kroshia.

Ukifika 36, acha kuongeza. Fuma mizunguko kama 8 bila kubadilisha idadi, na hapo ndipo mashavu yanapopatikana. Kisha anza kupunguza: shika vitanzi viwili, uvifume pamoja viwe kimoja, mara 6 kwa kila mzunguko. Ukishuka mpaka 18, jaza kichwa kabla mdomo haujawa mdogo kuliko kidole. Malizia na 12, hiyo ndiyo shingo. Kiwiliwili ni njia ile ile ila kirefu zaidi. Mikono na miguu ni mirija ya vitanzi 8 au 9, kazi ya kuchosha lakini nyepesi. Tia uzi wa rangi nyingine mwanzo wa kila mzunguko ili usipotelewe na hesabu. Kroshia ya milimita 3 inafaa kwa uzi wa kawaida. Kubwa mno itaacha matundu na matumbo yatachungulia nje.

Kuhusu matumbo. Kijazo kizuri ni nyuzi za mto mkuukuu uliofuliwa, au vipande vya fulana ya zamani vilivyokatwa vidogo vidogo. Mkonge usitie, unachoma. Maharagwe na mahindi yataleta dumuzi, na siku mshono ukifumuka mtoto atayatia puani. Watangulizi wetu walijaza mipira na wanasesere kwa karatasi za plastiki, lakini mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, na mimi siioni hasara yoyote hapo.

Macho ndiyo jambo ninalolishikilia kuliko yote. Vifungo vya shati vinapendeza, nakubali, na macho ya plastiki ya dukani yanang'aa. Lakini mtoto wa chini ya miaka 3 hujua dunia kwa mdomo. Kifungo kikinyofoka kinaweza kumkaba, na mtoto aliyekabwa hana dakika nyingi. Kwa hiyo mwanasesere wa mtoto mdogo mtie macho ya uzi mweusi, uyashone ndani kwa ndani. Ukiniletea mwanasesere mwenye vifungo ati nimpe mtoto, nitavikata mbele yako.

Sasa nije kwa rangi, maana hapa ndipo uraibu ulipoacha kuwa mchezo. Mpwa wangu ana umri wa miaka 5. Nilipomwambia nitamfumia mtoto, aliniambia, "Anko, nataka wa pinki. Wa pinki ndiye mzuri." Nikamwuliza, "Na wewe je?" Akatazama mikono yake, akanyamaza. Wakati huo nilikuwa nimesoma habari za wanasaikolojia wawili Wamarekani weusi, Kenneth Clark na mkewe Mamie, ambao katika miaka ya 1940 waliwaonyesha watoto weusi wanasesere waliofanana kwa kila kitu ila rangi. Wengi walimchagua mweupe na kusema yeye ndiye mzuri. Mwaka wa 1954, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokataza shule za serikali kutenganisha watoto kwa rangi, kazi ya Clark ilitajwa katika hukumu hiyo. Nilidhani hayo ni mambo ya Marekani. Kumbe yako sebuleni kwetu.

Basi nilimfumia wa kahawia, rangi ya udongo wa Tala mvua ikinyesha, nikamsuka nywele za mistari kama zake. Siwezi kusema kwamba alimtupa yule wa dukani mwenye nywele za dhahabu. Hapana, bado anaye. Ila anayefungwa mgongoni kwa leso jioni ni huyu wa uzi, na siku moja nilimsikia akimkemea kwa Kikamba. Yule mwingine huongeleshwa Kiingereza.

Kuna mwenzangu aliyewahi kusema katika mjadala kwamba wanasesere waliletwa na Wazungu. Namjibu hapa kwa kuwa siku ile kengele ililia. Wazaramo wa pwani ya Tanzania wana mwana hiti, sanamu ndogo ya mti ambayo mwali alipewa akiwa ndani. Waturkana walitengeneza watoto wa kuchezea wakawavisha shanga. Na nani kati yetu hakumwona dada yake akibeba gunzi la mahindi mgongoni?

Chamani tumeupeleka ufumaji katika fasihi. Tunasoma Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, na watu walikuwa wakiwachanganya wahusika. Tukaamua kuwafuma. Amini usiamini, ubishi uliozuka ulitufunza zaidi ya madondoo. Sara avikwe nini? Mabega yake yawe chini au juu? Yona je, tumpe chupa mkononi, au hiyo ni kumhukumu kabla hajasema? Kundi moja lilisema ulevi ndio Yona mwenyewe, jingine likasema ulevi ni jambo lililompata, na hapo wakalazimika kurudi kitabuni kutafuta ushahidi. Mwishowe chupa tuliifuma peke yake, inaweza kutiwa mkononi na kutolewa. Binafsi naona hilo ndilo jibu bora la sifa za mhusika nililowahi kusikia.

Kwa wale wa bwenini. Mnasema hii ni kazi ya wanawake. Mavazi yenu ya shule mengi yameshonwa na mafundi wanaume pale sokoni, wala hamjawacheka. Kente ya Waashanti wa Ghana kwa jadi ilifumwa na wanaume. Wavuvi wa Pwani hutengeneza nyavu zao fundo kwa fundo. Na hapa kwetu, Mutisya Munge wa Wamunyu alirudi kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa na ujuzi wa kuchonga vinyago, ujuzi uliokuja kulisha maelfu ya nyumba za Ukambani. Vijiti na visu vikawa heshima, sindano ikawa aibu? Mantiki iko wapi?

Pesa je? Hapa sitawadanganya. Mwanasesere wa urefu wa shubiri moja hula karibu gramu 50 za uzi na saa 8 za kazi, kwa mtu aliyezoea. Nikimuuza kwa shilingi 300, nikitoa 100 za uzi na kijazo, nabaki na 200. Gawa kwa 8. Ni shilingi 25 kwa saa, na bado nimeumwa shingo. Mnunuzi naye anaona 300 ni nyingi, maana wa plastiki wako tele kwa bei ya chini. Kwa hiyo atakayewaambia kwamba kufuma kutawalipia karo, mwulizeni hesabu yake. Lakini wapo waliofika mbali. Huko Njoro, kaunti ya Nakuru, kikundi cha Kenana Knitters kilianza mwaka wa 1998. Wanawake wa vijijini husokota sufu kwa mkono, huitia rangi za mimea, na kufuma wanyama wa kuchezea wanaouzwa hadi ng'ambo, na kila mnyama ana kijikaratasi chenye jina la aliyemfuma. Wao hawashindani na plastiki kwa bei. Wanauza kitu kisichopatikana kwingine. Nami naona jina lile juu ya karatasi lina thamani sawa na sufu yenyewe.

Susu macho yamepungua, kiondo chenye nyuzi nyembamba hawezi tena. Likizo iliyopita nilimfuma yeye: leso kichwani, mgongo umeinama kidogo, sketi ya maua. Alimgeuza geuza akasema ana kasoro, hana mzigo. Akachukua vipande vya mkonge vilivyobaki, akasuka kwa kupapasa tu kiondo kisichozidi kifuniko cha chupa, na mshipi wake wa kupitisha kwenye paji la uso. Mwanasesere huyo simuuzi, msiniulize bei.

Tunaofuma hukutana kila Alhamisi baada ya michezo, nyuma ya maktaba. Anayetaka kujiunga aje na kroshia yake. Uzi wa kuanzia tutamkopesha. Kwa sasa tuna Sara, Yona na chupa yake. Neema kichwa kiko tayari, ila miguu haijapata mtu.