Somo la 6: Zebaki, Samaki Wakubwa na Ushahidi wa Makumbusho

Lengo: Baada ya somo hili, mlaji aelewe jinsi zebaki inavyofika katika chakula, jinsi ongezeko lake linavyotambuliwa, na namna ya kuilinda familia yake.

Katika machimbo madogo ya dhahabu, kama yale ya Nyarugusu mkoani Geita na Mwakitolyo mkoani Shinyanga, zebaki hutumiwa kunasa dhahabu. Ikichomwa hugeuka mvuke; masalia yake hubaki katika marudio, ambayo mvua huyasomba hadi mitoni na ziwani. Humo bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, sumu inayoingia mwilini kwa urahisi na kutoka polepole. Dagaa hupata kidogo. Sangara, alaye samaki wenzake, hukusanya zaidi. Mwisho wa mnyororo huo wapo furukombe, yaani tai mla samaki, na binadamu.

Je, tutajuaje kama kiasi kinachopimwa leo kimeongezeka, ilhali zamani hakikupimwa? Jibu limehifadhiwa katika makumbusho. Unyoya unapoota hupokea zebaki iliyomo katika damu ya ndege, na huishikilia miaka mingi baada ya ndege kufa. Mwaka 1966, wataalamu wa Sweden walichapisha vipimo vya manyoya ya ndege waliohifadhiwa tangu karne ya 19. Kwa vipanga, kiasi cha zebaki hakikubadilika sana hadi miaka ya 1940, kisha kikapanda mno baada ya wakulima kuanza kutumia mbegu zilizotiwa dawa yenye zebaki. Mwaka huohuo dawa hiyo ilipigwa marufuku nchini humo.

Njia hiyo yafaa hata kwetu. Sangara aliletwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, hivyo hawezi kutueleza habari za kabla ya hapo. Furukombe alikuwapo, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, yana hazina kubwa ya ndege wa Afrika Mashariki.

Vipimo vya miaka ya 1990 katika ukanda wa dhahabu vilikuta zebaki nyingi katika marudio, lakini katika samaki wengi wa ziwa ilikuwa chini ya miligramu 0.5 kwa kilo. Kwa hiyo mlaji asiwakimbie samaki, bali achague kwa busara.

Mambo ya kuzingatia:

1. Methili-zebaki hushikamana na nyama ya samaki. Kuosha, kukaanga au kukausha hakuiondoi.
2. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo wapendelee dagaa na sato. Sangara wakubwa waliwe kwa kiasi.
3. Samaki wa madimbwi yaliyo jirani na sehemu za kuoshea dhahabu wasiliwe.
4. Zebaki isichomwe nyumbani, wala chombo kilichotumika kuichomea kisipikiwe.
5. Baadhi ya sabuni na krimu za kung'arisha ngozi zina zebaki. Usinunue isiyoonyesha viambato vyake.

Swali la kujipima: Kwa nini kilo moja ya sangara mkubwa yaweza kuwa na zebaki nyingi kuliko kilo moja ya dagaa, ingawa wote wametoka katika maji yaleyale?