Kopasi na Suala la Kosa katika Ufundishaji wa Kiswahili: Mfano wa Ka- na Tu- Mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika

Ikisiri

Makala haya yanajadili matumizi ya kopasi, yaani hazina ya matini zilizokusanywa kwa utaratibu na kuhifadhiwa katika kompyuta, katika utafiti wa ufundishaji wa Kiswahili. Inadaiwa kwamba kopasi ya maandishi peke yake haitoshi kubainisha chanzo cha kosa la mwanafunzi wa Kigoma.

1.0 Utangulizi

Kiswahili kilienea Ujiji katika karne ya 19 kupitia misafara ya biashara iliyounganisha pwani na Umanyema. Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Kwa hiyo, usemi wa Kiswahili ziwani ulitangulia usanifishaji. Aidha, watoto wengi wa mkoa huo husema Kiha nyumbani, ilhali wengine, hasa mjini, hukua na Kiswahili.

2.0 Tatizo

Tuchukulie kwamba mwanafunzi ameandika: "Tusamaki tule tumekauka." Mwalimu atasahihisha: "Visamaki vile vimekauka." Masahihisho hayo ni halali, kisichojulikana ni chanzo cha kosa. Kiha, kama Kirundi na Kinyarwanda, kina ngeli ya udogo ya ka- na tu-. Hivyo yawezekana hiyo ni athari ya lugha ya kwanza. Hata hivyo, ka- ya udogo husikika pia katika mazungumzo ya Kiswahili ya watu wasiojua Kiha. Ikiwa watu wazima wa Ujiji husema hivyo, basi mtoto hakushindwa kujifunza Kiswahili. Amejifunza kile alichokisikia. Mwanafunzi wa kwanza anahitaji kulinganishiwa ngeli za lugha mbili. Wa pili anahitaji kuelezwa ni katika muktadha gani umbo hilo linafaa, na katika upi halifai.

3.0 Nafasi ya Kopasi

Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, iliyoandaliwa chini ya Arvi Hurskainen, ina maneno yapatayo milioni 25 katika toleo lake la pili la mwaka 2016. Humo mna magazeti, vitabu na taarifa za Bunge. Kopasi hiyo yaweza kuonyesha ka- hutokea wapi katika maandishi, lakini haiwezi kueleza usemi wa mwalo wa Kibirizi. Umbo kukosekana humo si ushahidi kwamba halisemwi.

Kwa hiyo zinahitajika hazina tatu:

(a) maandishi sanifu;
(b) mazungumzo ya watu wazima wa mwambaoni, pamoja na taarifa za lugha wanazozijua;
(c) insha za wanafunzi zisizo na majina, zenye kuonyesha darasa na lugha ya nyumbani.

Kopasi ya kimataifa ya Kiingereza cha wanafunzi, iliyoanzishwa na Sylviane Granger huko Louvain mwaka 1990, ilizingatia vivyo hivyo lugha ya kwanza ya kila mwandishi.

Iwapo tu- itajitokeza katika insha za wasemaji wa Kiha pekee, na isionekane katika (b), dai la athari litapata nguvu. Iwapo itaenea kotekote, itabidi ihesabiwe kuwa sifa ya Kiswahili cha mahali hapo, hata kama asili yake ya kale ni Kiha.

4.0 Hitimisho

Kopasi haimwondolei mwalimu wajibu wa kufundisha Kiswahili Sanifu, ambacho ndicho kinachotahiniwa. Humsaidia kutambua anachokisahihisha: pengo la maarifa, au lugha hai ya jamii iliyomlea mwanafunzi.