Ukopaji wa Herufi katika Maandishi ya Kichina: Fasili ya Xu Shen na Mifano Yake

Katika Shuowen Jiezi, kamusi yenye herufi 9,353 iliyokamilishwa mwaka 100 B.K., Xu Shen aliziainisha herufi za Kichina katika makundi sita. Kundi la ukopaji (jiajie) alilifasili hivi: neno lisilo na herufi yake huazima herufi ya neno jingine kwa kigezo cha sauti. Fasili hiyo ni wazi. Mifano yake ndiyo yenye utata. 令 (lìng), ‘amri’, ilikuja kumtaja mtawala wa wilaya kubwa, na 長 (zhǎng), ‘mwenye umri mkubwa’, mtawala wa wilaya ndogo. Mtoa amri kuitwa kwa jina la amri ni upanuzi wa maana wa neno lilelile. Hapakuwa na neno lililokosa herufi.

Zhu Junsheng (1788–1858) aliliona tatizo hilo. Aliiondoa mifano hiyo miwili katika kundi la ukopaji, na miongoni mwa aliyoiweka badala yake ni 來 (lái). Herufi hii ilikuwa picha ya mche wa ngano. Kitenzi ‘kuja’ hakichoreki kwa urahisi, na kwa kuwa sauti zilikaribiana, waandishi wa mifupa ya ramli ya enzi ya Shang waliitumia picha hiyo kwa ‘kuja’. Hatimaye mgeni alimfukuza mwenyeji: ‘ngano’ ikabaki na 麥 (mài), herufi iliyoongezewa mguu chini, mguu ambao, ajabu, ungalikifaa zaidi kitenzi ‘kuja’. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa 其 (qí), picha ya ungo: ilipotwaliwa na kiwakilishi, ungo wenyewe ulitofautishwa kwa kuongezewa alama ya mwanzi, 箕 (jī).

Mpaka kati ya ukopaji na upanuzi, hata hivyo, si imara. 北 (běi), watu wawili waliopeana migongo, humaanisha ‘kaskazini’. Je, ni sauti tu, au ni kwa sababu kaskazini huwa mgongoni mwa anayeelekea kusini? Hoja zote mbili zina mashiko.

Kisa cha 囧 (jiǒng) kinatatiza zaidi. Katika Shuowen ni dirisha lipitishalo mwanga. Tangu mwaka 2008 hivi, vijana waliieneza katika intaneti kwa maana ya ‘kufadhaika’, kwa kuwa inafanana na uso wenye nyusi zilizoinama. Sauti nayo inalingana kabisa na 窘 (jiǒng), ‘kufadhaika’. Lakini neno hilo tayari lilikuwa na herufi yake, na kwa hiyo sharti la kwanza la Xu Shen halitimizwi.